Uchaguzi mdogo wa Malindi 2016: kiti kilichotakiwa na serikali

Tarehe 24 Novemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mabadiliko katika Baraza la Mawaziri, na jina la mbunge wetu wa Malindi, pwani ya Kenya, likawamo. Dan Kazungu, aliyeingia bungeni mwaka 2013 kwa tiketi ya ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, alipewa Wizara ya Madini. Najib Balala, aliyekuwa wizara hiyo, akapelekwa Utalii. Siku ile tulikuwa barazani, Malindi mjini, dele la kahawa bado lina moto. Vijana wawili walipiga makofi: Malindi imepata waziri! Mzee aliyekaa upande wa pili wa bao hakupiga makofi. Alizishika kete zake mkononi, akauliza: "Kwani kiti anamwachia nani?"

Swali lile ndilo kisa chote.

Zamani lisingeulizwa. Kabla ya Katiba ya 2010 kuanza kufanya kazi kikamilifu, mbunge aliyepewa uwaziri alibaki mbunge. Jirani yetu Amason Kingi, katika serikali ya mseto, alikuwa mbunge wa Magarini na waziri kwa wakati mmoja. Watu wa Magarini walipata bendera kwenye gari na mbunge wao wakabaki naye. Katiba mpya ilikata kamba hiyo. Kifungu cha 152 kinasema waziri hawezi kuwa mbunge. Akikubali uwaziri, kiti kinakuwa wazi, Spika anaiarifu tume ya uchaguzi, IEBC, ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo unafanywa ndani ya siku 90 tangu kiti kuwa wazi. Nia ilikuwa njema: kuwatenganisha wanaotunga sheria na wanaoitekeleza. Lakini njia ikafunguka ambayo sidhani wengi waliiona mapema. Rais sasa anaweza kukifungua kiti cha upinzani wakati wowote, kwa kalamu tu, bila kesi mahakamani na bila mtu kufa.

Sisemi kwamba Kazungu aliteuliwa kwa sababu hiyo peke yake. Alikuwa mtu mwenye elimu na uwezo, na Pwani ilikuwa inadai nafasi serikalini. Ninachosema ni kwamba hapa Malindi ilionekana hivyo, na namna jambo linavyoonekana ndiyo inayopiga kura. Uteuzi ule ule wa Novemba ulimchukua Charles Keter kutoka useneta wa Kericho kwenda Wizara ya Nishati, kwa hiyo chaguzi mbili zikapangwa siku moja, tarehe 7 Machi 2016. Kericho ilikuwa nyumba ya Jubilee, upande wa Rais, ikilindwa na Jubilee. Malindi ilikuwa nyumba ya ODM, na Jubilee ndiyo iliyokuwa ikibisha hodi.

Ili kuelewa kwa nini mlango haukufunguliwa, inabidi turudi nyuma kidogo.

Eneo bunge la Malindi leo lina wadi tano: Malindi Mjini, Shella, Ganda, Kakuyuni na Jilore. Ukisimama gatini ukatazama mji unaona hoteli, majumba ya Waitaliano, misikiti ya Shella na tuktuk zikipishana kwenye vichochoro. Ukipanda bodaboda ukaelekea magharibi, dakika chache tu uko Ganda kwenye mikorosho na minazi. Mbele zaidi ni Kakuyuni, na Jilore iko kule ambako mto Sabaki unakuja kutoka bara. Mji una sauti kubwa, wadi za ndani zina kura. Mwanasiasa anayelala mjini kampeni nzima akidhani ameiona Malindi huamka akiwa ameshindwa.

Siasa za hapa zina kumbukumbu ndefu. Ronald Ngala, mtoto wa Kilifi, ndiye aliyeongoza chama cha KADU na sera ya majimbo, yaani kila eneo lijiamulie mambo yake, kabla ya uhuru, na chama chake kilipovunjwa mwaka 1964 kikaingia KANU, chama tawala, neno "majimbo" halikufa Pwani. Lilikaa majumbani. Kabla ya uhuru pia vuguvugu la Mwambao lilidai ukanda wa pwani ujitawale, kwa sababu maili kumi hizi zilikuwa za Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ilizishika kwa mkataba wa 1895. Oktoba 1963 mkataba mwingine ukazitia ndani ya Kenya. Ngala na watu wa Mwambao hawakutaka kitu kimoja, tena waligombana vikali, lakini wote walikuwa na hofu moja: uamuzi wa mambo ya Pwani kufanywa mbali na Pwani. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, KANU bado ilitamba mkoani kwetu, na mwaka 1997 ilimpeleka Abubakar Badawy bungeni kutoka Malindi. Mwaka 2002, KANU ilipong'oka Ikulu, Malindi ikamchagua Lucas Maitha. Kisha ukaja mwaka 2007, ODM ikalibeba tena lile neno la Ngala, majimbo, na Gideon Mung'aro, aliyekuwa meya wa Malindi, akaingia bungeni kwa chama hicho.

Tangu hapo angalia orodha. 2007 Mung'aro, ODM. 2013 Kazungu, ODM. 2016 Willy Mtengo, ODM. 2017 Aisha Jumwa, ODM. 2022 Amina Mnyazi, ODM. Watu watano, chama kimoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekikalia kiti vipindi viwili mfululizo kufikia uchaguzi wa 2022. Ukimweka Maitha mbele yao, ni watu sita ndani ya miaka ishirini.

Nimewasikia wachambuzi wakiitazama orodha hii na kusema Malindi ni ngome ya Raila Odinga, basi. Wengine husema ni mji wa bahasha, anayetoa zaidi ndiye anayepata. Yote mawili nayakataa. Watu wanaofuata mtu mmoja kama kipofu hawabadilishi wabunge namna hii. Na kama bahasha ingekuwa ndiyo mwamuzi, serikali isingeshindwa Machi 2016. Mimi naona chama, kwa mpiga kura wa Malindi, ni ua wa boma. Ndani ya ua anambadilisha mtu apendavyo, tena bila huruma. Ua wenyewe hauchomoi fito.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe lililozungumzwa katika kampeni zile kuliko madini, kuliko utalii, kuliko hata chama: ardhi.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi Pwani. Mwenye dai alitakiwa ajitokeze, alithibitishe, apewe hati. Waliojua habari hizo na waliokuwa na maandishi walijitokeza. Wagiriama na Wamijikenda wenzao kwa wingi wao hawakupata hati, kwa kuwa ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, haina karatasi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza, kisha baada ya uhuru ikawa ya serikali, na nyingine ikagawiwa watu ambao hawajawahi kulima hata tuta moja hapa. Ndiyo maana hadi leo mtu anazaliwa Ganda, babu yake amezikwa Ganda, na jina lake ni skwota.

Kuna jambo la kwetu ambalo mtu wa bara akisimuliwa mara ya kwanza huomba lirudiwe: mti una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe mwingine. Mnazi ni wa bibi yangu, aliupanda, anauangua, anauweka rehani akipata shida. Udongo uliouotesha ni wa mtu mwingine ambaye pengine hajawahi kumwona. Na mjini ni vivyo hivyo kwa nyumba. Unajenga kuta zako, unaezeka makuti au mabati yako, kisha unalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye hati. Nyumba yako, chini si kwako. Mtu anayeishi hivyo miaka hamsini hulala usingizi mwepesi.

Kwa hiyo hati ya shamba ndiyo sarafu kubwa kuliko zote katika siasa za Pwani. Baada ya kuchaguliwa mwaka 2013, serikali ya Jubilee ilianza kutoa hati kwa maelfu mkoani. Januari 2016, ikiwa imebaki miezi miwili tupige kura, Rais alikuwa Pwani na akawapa hati wakaazi wa shamba la Waitiki kule Likoni, mgogoro uliokuwa umewachosha watu kwa miaka mingi. Hiyo ilikuwa kazi nzuri, na nitaisema hivyo mbele ya mtu yeyote. Hapa Malindi hoja ya Jubilee ikajengwa juu yake: mmekaa upinzani muda wote huu, mmepata nini? Waziri mmeshapewa. Hati zinakuja. Mpeni serikali na mbunge.

Nilikwenda Ganda wakati wa kampeni kumwona shangazi yangu. Nilimkuta uani anamenya mihogo, sufuria la maji kando yake, kisu kidogo kimechakaa mpini. Nikamuuliza kama amesikia habari za hati.

"Nimesikia, mwanangu. Nangojea."

"Na wakikuletea, shangazi, utawapa kura?"

Aliutupa muhogo sufuriani, akachukua mwingine. "Hati wakinipa ni haki yangu. Kura nayo ni haki yangu. Kwa nini haki moja niilipie kwa nyingine?"

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Nimesikiliza hotuba nyingi za uwanjani katika maisha yangu na sijasikia iliyolieleza jambo hili vizuri kuliko yeye na kisu chake. Jubilee ilidhani hati ni zawadi, na zawadi huomba shukrani. Aliyekuwa akiipokea aliiona ni deni linalolipwa, limechelewa tangu 1908.

Wagombea walikuwa kadhaa, lakini mbio zilikuwa za watu wawili. Jubilee wakati huo haikuwa bado chama kimoja, muungano wa vyama vyake katika Jubilee Party ulikuja Septemba 2016. Kwa hiyo mgombea wake, Philip Charo, alisimama kwa JAP, chama cha upande huo wa serikali. ODM ilimsimamisha Willy Mtengo. Wote wawili walifunikwa na wakubwa waliokuja kuwaombea kura. Naibu Rais William Ruto alifika mwenyewe kwa ajili ya Charo, na pamoja naye Mung'aro, ambaye mwaka 2013 alikuwa amehamia Kilifi Kaskazini na kuchaguliwa huko kwa ODM, lakini sasa alikuwa amegeuza uso kuelekea serikalini. Upande wa pili alikuja Raila, magavana Hassan Joho wa Mombasa na Kingi wa Kilifi, na Aisha Jumwa, wakati huo mwakilishi wa kike wa kaunti, ambaye alizunguka wadi hizi kwa miguu na kwa sauti kuliko mgombea mwenyewe. Helikopta zilitua kwenye viwanja vya shule, watoto wakatoka darasani kwenda kutazama. Kila upande uliulaumu mwingine kwa kununua kura.

Hoja ya ODM ilikuwa fupi, na ufupi ndio uliokuwa nguvu yake. Wamemchukua mbunge wenu, sasa wanataka na kiti. Haikuhitaji takwimu wala ahadi. Iligusa pale pale palipokuwa na kidonda: uamuzi wa Pwani kufanywa mbali na Pwani. Ndiyo maana nasema uteuzi wa Kazungu, ambao Jubilee iliutegemea kama daraja, ndio uliowanyima ushindi. Kama kiti kingekuwa wazi kwa kifo au kwa uamuzi wa mahakama, Charo angesikilizwa kwa masikio mengine.

Na hili si la kubuni, kwa sababu tuna mfano wa kulinganisha hapa hapa Pwani. Msambweni, kaunti ya Kwale, mbunge wake Suleiman Dori wa ODM alifariki Machi 2020. Uchaguzi mdogo ukafanywa tarehe 15 Desemba mwaka huo. ODM ilimsimamisha Omar Boga, na Feisal Bader akasimama huru akiungwa mkono na Ruto. Bader alishinda, kura 15,251 kwa 10,444. Watu ni wale wale wa Pwani na chama ni kile kile. Lakini Msambweni hakuna aliyekuja kukinyakua kiti, kulikuwa na msiba, na Bader alionekana kama mtu wa nyumbani kwa marehemu, huku chama ndicho kilichoonekana kinaleta mtu wake. Mtu wa Pwani alijilinda mara zote mbili. Malindi alijilinda dhidi ya serikali, Msambweni dhidi ya chama.

Tarehe 7 Machi nilikuwa mtazamaji wa uchaguzi, beji ya karatasi shingoni, katika darasa la shule moja ya msingi huko Ganda. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni. Uchaguzi mdogo una utulivu ambao uchaguzi mkuu hauna: karatasi moja tu badala ya sita, sanduku moja lenye kifuniko cha kijani, hakuna mtu anayepotea akitafuta sanduku la seneta. Kina mama walikuja mapema na leso zao, wakapiga kura, wakarudi kwenye kazi. Joto la Machi la Malindi mnalijua, kaskazi inakwisha na kusi haijaingia, hewa imesimama. Mpaka adhuhuri makarani walikuwa wanajipepea kwa vipande vya boksi.

Kilichonikaa moyoni ni usiku. Madawati yalisukumwa ukutani, ubaoni bado pana hesabu za kugawanya zilizoachwa na mwalimu. Msimamizi wa kituo alikata sili mbele yetu, akalimwaga sanduku juu ya meza, akaanza kuinua karatasi moja moja, anaisoma, anaigeuza kila wakala aione. Mawakala walikuwa na madaftari ya shule. Vijiti vinne, cha tano kinakata. Vijiti vinne, cha tano kinakata. Taa ilikuwa ya betri na wadudu waliizunguka mpaka wakawa wanaanguka juu ya kura.

Ikafika karatasi moja iliyotiwa alama kwa mkono uliotetemeka. Mstari ulianzia kwenye kisanduku cha ODM ukaburuzika hadi ukagusa mpaka wa jirani. Wakala mmoja kijana akasema imeharibika, itupwe. Msimamizi aliisogeza kwenye taa. Wakala wa JAP, mama wa makamo aliyekuwa kimya tangu jioni, aliinama akaitazama, akasema polepole: "Hii si yetu. Huyu alikusudia kule. Iwekeni kwao." Alikuwa anashindwa katika chumba kile, na alijua. Karatasi ikaenda kwa ODM. Hakuna aliyempongeza, kazi iliendelea, vijiti vinne na cha tano.

Walipomaliza, mawakala wote walitia sahihi fomu ya matokeo na nakala ikabandikwa mlangoni kwa selotepu. Nje kulikuwa na vijana kama thelathini wakingoja gizani. Mmoja alimulika kwa tochi ya simu, mwingine akapiga picha, wa tatu akaanza kusoma kwa sauti. Kwa dakika kama tano mlango ule wa shule ndio uliokuwa Bunge letu.

Matokeo ya eneo zima: Mtengo 15,582, Charo 9,243. Tofauti ya kura 6,339. Kericho, Aaron Cheruiyot wa JAP akashinda useneta. Kila boma likabaki na mwenyewe. Siku chache baadaye ikaja habari kwamba walinzi wa Joho na Kingi wameondolewa na kwamba wametakiwa kurudisha bunduki zao. Mtu hahitaji kuwa mwanasheria kuona jinsi hilo lilivyosomwa na watu waliokuwa wametoka kupiga kura. Waliokuwa na shaka kama uchaguzi ule ulikuwa kati ya mji na serikali hawakuwa nayo tena.

Ningeweza kuishia hapo nikasema Malindi ilishinda. Wengi huishia hapo. Lakini kisa hiki kina upande wa pili, na huo ndio unaoniuma.

Mtengo alipata miezi kumi na saba. Kuanzia Machi 2016 hadi tarehe 8 Agosti 2017 mbunge hana muda wa kujenga hata madarasa na kuyafungua. Watu humpima mbunge kwa basari, kwa barabara ya ndani, kwa kama alikuja kwenye matanga. Uchaguzi mkuu ulipofika, tiketi ya ODM ilikuwa mkononi mwa Jumwa, na Jumwa akawa mbunge. Kazungu, aliyeachia kiti ili awe waziri, mwaka 2018 alipelekwa Tanzania kuwa balozi. Mtengo, aliyebeba bendera siku ile ngumu, alikuwa amekwisha kupita. Sikuwahi kumsikia mtu akilitafakari hilo kwa uchungu. Ua ulikuwa umesimama, mtu alikuwa fito.

Kisha mwaka 2018 ukaja maridhiano ya Uhuru na Raila, na Jumwa akafuata njia ya Ruto. Machi 2019 ODM ikamfukuza, lakini sheria ilimbakisha bungeni hadi mwisho wa kipindi. Oktoba 2019 wadi ya Ganda ikawa na uchaguzi mdogo wa mwakilishi wadi, na siku mbili kabla ya kura mtu aliuawa kwa risasi nyumbani kwa mgombea wa ODM. Ganda, ambako miaka mitatu kabla mama yule wa JAP aliihukumu karatasi kwa haki mbele ya taa ya betri. Siwezi kuandika zaidi juu ya siku hiyo. ODM ilishinda wadi.

Anayetaka ushahidi wa ule ua nisemao amtazame Mung'aro. Mwaka 2017 aligombea ugavana wa Kilifi kwa Jubilee, Kingi akambwaga kwa ODM. Mwaka 2022 Mung'aro alirudi ODM, akagombea kiti kile kile, akashinda, na aliyemfuata kwa kura alikuwa Jumwa, sasa akiwa UDA, chama cha Ruto. Kingi naye alikuwa ametoka ODM na chama chake cha PAA, akaishia kuwa Spika wa Seneti, kiti ambacho hakikuhitaji kura ya Kilifi. Mtu mmoja, kaunti moja, miaka mitano kati yake: nje ya ua alianguka, ndani akapita.

Basi tatizo liko wapi? Liko hapa. Kama ODM ikishampa mtu tiketi nusu ya safari imekwisha, basi uchaguzi wa kweli wa Malindi unafanywa kwenye mchujo, pale chama kinapomteua mgombea wake. Na mchujo hauna mlango ule wa shule. Hausimamiwi kwa utaratibu niliouona Ganda: daftari linaweza kuwa la chama, vituo vinaweza kuhamishwa asubuhi, na mara nyingine hakuna mchujo kabisa, cheti kinatolewa Nairobi na watu wanaambiwa wapokee. Mwaka 2016 tulikataa uamuzi wa Malindi ufanywe mbali na Malindi. Tulikataa kwa kura 15,582. Kisha kila baada ya miaka mitano tunauacha uamuzi huo huo ufanywe na maafisa wa chama ambao hatukuwachagua, tukidhani kwa kuwa ni ndani ya ua basi ni salama.

Na ua wenyewe umeanza kuhamishwa na wenye nyumba. Ng'ambo ya Sabaki, Magarini, mwaka 2022 Harry Kombe wa ODM alimshinda Stanley Kenga wa UDA kwa kura 21. Kesi ikazunguka mahakamani hadi ushindi ukafutwa, na wananchi wakangoja tume ipate makamishna. Uchaguzi wa marudio ulifanywa tarehe 27 Novemba 2025. Wakati huo ODM na serikali walikuwa wanashirikiana, kwa hiyo Kenga alisimama kwa chama kingine na Kombe akashinda akiwa mgombea wa ODM na wa serikali pia. Raila alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Miaka tisa kabla, serikali ilikuja Malindi kubisha hodi. Sasa iko sebuleni, na fito ni zile zile.

Mwaka 2027 tutarudi kwenye debe. Mimi simwombei kura mtu. Ninachotaka kutoka kwa chama chochote kitakachofanya mchujo katika wadi zetu tano ni vitu vitatu ambavyo usiku ule wa Ganda vilikuwepo na havikugharimu mali: daftari lililobandikwa wiki moja kabla, karatasi moja moja ikiinuliwa mbele ya mawakala wa kila mgombea, na matokeo ya kila kituo yakibandikwa mlangoni hapo hapo kabla ya mtu yeyote kupiga simu Nairobi. Shangazi yangu bado yuko Ganda. Hati bado anaingojea, na kadi yake ya kura ameifunga kwenye ncha ya leso, ndani ya mfuko wa nailoni isiingie maji.